Vitamini D haiongezi kinga, inairatibu

"Meza vitamini D, inaongeza kinga." Neno linaloharibu hapo ni "inaongeza". Linatufanya tuione kinga kama tangi: kadiri unavyolijaza ndivyo heri. Waulize wenye lupasi au kisukari cha aina ya kwanza. Kinga yao haijapungua nguvu. Imegeuka kuushambulia mwili wenyewe.

Dhana: Vitamini D ni ya mifupa tu

Mifupa inaihitaji, hilo halina ubishi. Lakini seli za kinga nazo zina vipokezi vyake, na baadhi zina uwezo wa kuikamilisha zenyewe. Vitamini D inayotoka kwenye ngozi au chakula huwa bado ghafi. Ini huibadilisha kwanza, kisha figo huimalizia kuwa kalsitrioli, homoni iliyo tayari kufanya kazi. Zamani ilidhaniwa figo ndiyo mtengenezaji pekee.

Sasa tazama makrofaji, seli inayomeza vijidudu, ikikutana na bakteria wa kifua kikuu. Ikishamtambua, huongeza vipokezi vyake vya vitamini D na kuwasha kimeng'enya cha kutengeneza kalsitrioli palepale, kwa malighafi inayoichota kwenye damu. Kalsitrioli huingia kwenye kiini cha seli na kuamuru itengenezwe kathelisidini, protini ndogo inayotoboa utando wa bakteria. Watafiti waliueleza mtiririko huu mwaka 2006, wakaonyesha pia kwamba damu yenye vitamini D kidogo huifanya amri hiyo itoke dhaifu.

Upande wa pili ndio unaosahaulika. Homoni hiyohiyo huzituliza seli T, askari wengine wa kinga, zinazochochea uvimbe na kuzipa nafasi zile zinazozuia vurugu. Kwa hiyo inachochea huku, inapoza kule.

Figo hupunguza uzalishaji kalsitrioli ikitosha; makrofaji hazina breki hiyo. Ndiyo maana baadhi ya wagonjwa wa sakoidosisi, ambao makrofaji zao hujikusanya katika vinundu, hupata kalsitrioli ya kupita kiasi, nayo hupandisha kalisi (kalsiamu) kwenye damu bila wao kumeza kidonge hata kimoja. Kwao "kuongeza" ni hatari.

Dhana: Basi inakinga kifua kikuu

Ingependeza, lakini hapana. Nchini Mongolia watoto zaidi ya 8,000 walifuatiliwa kwa miaka 3, nusu wakipewa vitamini D kila wiki. Kiwango chao kwenye damu kilipanda vizuri, ila maambukizi hayakupungua. Kinachotokea kwenye sahani ya maabara si lazima kitokee kwa mtoto. (Wapo wanaomtaja Niels Finsen, aliyepata Nobeli mwaka 1903 kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga. Ile ilikuwa taa kali iliyoelekezwa kwenye kidonda, na vitamini D hata jina ilikuwa haijapewa.)

Dhana: Dozi moja kubwa inatosha

Mwaka 2017 majaribio 25 kuhusu maambukizi ya njia ya hewa yalichambuliwa kwa pamoja. Nafuu ilionekana kwa waliomeza kiasi kidogo kila siku au kila wiki, hasa wenye upungufu mkubwa. Dozi kubwa za mara mojamoja hazikusaidia. Majaribio mapya yalipoongezwa baadaye, hata nafuu hiyo ilififia, kwa hiyo usikubali kuuziwa kidonge kama ngao ya mafua.

Matokeo yanayonivutia mimi ni ya Marekani: watu wazima 25,871, nusu wakipewa vitamini D ya IU (vizio vya kimataifa) 2,000 kwa siku, takriban miaka 5. Kwa waliopewa, magonjwa ya kinga kujishambulia yalipungua kwa asilimia 22. Angalia kilichopungua: ni vurugu ya kinga yenyewe.

Kikomo cha mtu mzima bila usimamizi wa daktari ni IU 4,000 kwa siku. Kuzidisha kwa muda mrefu hupandisha kalisi: kiu, kichefuchefu, mkojo wa mara kwa mara, hata mawe ya figo.

Dhana: Jua la dirishani linatosha

Kioo huzuia miale ya jua iitwayo UVB, ndiyo inayotengeneza vitamini hii kwenye ngozi.

Dhana: Kipimo cha damu hupima homoni yenyewe

Kipimo cha kawaida huangalia ile iliyotoka kwenye ini, yaani akiba. Kalsitrioli inaweza kusoma sawa, au hata juu, huku akiba ikikaribia kwisha, kwa sababu mwili hujitahidi kuishikilia kwa ajili ya kalisi. Makrofaji nayo huchota kwenye akiba hiyohiyo.