Glasi Haijui Mwendo

"Kamwene mwalimu! Jana nimepiga puti mia sebuleni, themanini zimeingia glasini." Huyu ni mwanafunzi wangu wa gofu, wa nne mwezi huu kujisifia puti, yaani pigo la upole la kuviringisha mpira hadi shimoni, na ndiye aliyepiga puti tatu tatu kwenye mashimo matano Jumamosi.

Ndugu yangu, wanaolipwa kucheza PGA Tour, mashindano ya gofu ya kulipwa kule Marekani, wakiwa futi nane kutoka shimoni, yaani kama mita mbili na nusu, huingiza nusu tu.

Sina ugomvi na sebule. Huku Mafinga mvua za Novemba hadi Aprili hazimwulizi mtu. Ugomvi wangu ni glasi iliyolazwa. Shimo halali lina upana wa milimita 108. Glasi ni nyembamba zaidi, basi watu huona wamejipa kazi ngumu. Kwa mwelekeo, sawa. Lakini glasi inameza mpira wa mwendo wowote, hata ukiutandika. Shimo la kweli halina huruma hiyo: mpira wa kasi ukigusa ukingo unazunguka na kutoka, na uliopita katikati unaweza kulivuka. Mwendo ukizidi, shimo linapungua. Hilo glasi haikufundishi, na ndilo linalokuulia kadi ya alama.

Halafu hizo mia kutoka palepale! Ya kwanza ndiyo puti. Zilizobaki 99 unairekebisha ile ya kwanza.

Cheza hivi. Chora duara la shimo kwa chaki, weka kanga iliyokunjwa sentimita 40 nyuma yake. Mpira upite juu ya duara na usimame bila kugusa kanga. Mpira mmoja tu. Unaanza hatua moja, kisha mbili, tatu, nne. Ukikosa unarudi mwanzo na mwenzako anashika puta, ile fimbo ya kupigia puti. Wa kwanza kumaliza ya nne anakaa kitako, mwingine anaosha vyombo. Anayesubiri anaruhusiwa kuongea. Mke wangu hajawahi kukanyaga grini, zile nyasi fupi zenye shimo, ila anajua kuuliza habari za ada ya mtoto pale tu puta inaporudi nyuma. Kwa puta hiyohiyo ananipeleka puta.

Sementi inakimbiza mpira mno, tandika blanketi zito ulivute. Mkeka usijaribu, misuko yake inauongoza mpira.

Kwa nini 40? Dave Pelz, aliyefanya kazi NASA kabla ya kufundisha gofu, alisema mpira ukikosa shimo ulipite kwa inchi 17, kama sentimita 43. Wengine wanafundisha mpira ufie mdomoni mwa shimo. Nimefuata njia zote mbili miaka mingi na sijaona mshindi. Hiyo 40 yangu ni nafasi iliyobaki kabla ya mguu wa kabati.

Wala siapi kwamba ushindi wa sebuleni unahamia kwenye nyasi. Mwaka jana nilimaliza wiki tatu bila kugusa sahani, nikaenda mashindanoni Mufindi, na shimo la mwisho nikakosa puti ya mita moja. Watu wote walikuwa kimya. Nadhani nilikuwa nasubiri kuulizwa ada.