Si umande unaoua ng'ombe kwenye lusani

Wiki hii nimeyasikia tena maneno haya, nikiwa nimechuchumaa kando ya ng'ombe aliyekwisha kufa: "Daktari, lakini umande ulikuwa umekauka." Mfugaji alikuwa amefuata alichofundishwa: kwamba umande ndio unaowafurisha ng'ombe, basi angoje ukauke. Aliwafungia ng'ombe zizini hadi saa nne, akapapasa majani ya lusani (alfalfa, malisho ya jamii ya kunde), akaridhika, akawafungulia. Saa tano na nusu mmoja alikuwa chini, ubavu wa kushoto umeinuka kuupita uti wa mgongo.

Tumbo la ng'ombe hutengeneza gesi kila siku, naye huitoa kwa kupiga mbweu. Lusani changa ina protini nyingi inayoyeyuka haraka. Hiyo huinasa gesi katika viputo vidogo vidogo, tumbo likajaa povu, na povu halitoki kwa mbweu. Mapafu hukosa nafasi. Ndivyo anavyokufa.

Sasa huo umande. Sikatai kwamba ng'ombe wengi hufura asubuhi na mapema. Lakini ng'ombe wa alfajiri amelala bila kula. Huingia shambani na njaa, huchuma ncha laini tupu, hatafuni vizuri, na mate hayamtoshi. Yule wa saa nne anayesalimika, mara nyingi ni kwa sababu amekwisha kula kitu kingine. Ukimfungia hadi umande ukauke bila kumpa chochote, umemwongezea saa tatu za njaa, kisha unamfungulia kwenye lusani ileile. Hilo ndilo linaloniumiza: ushauri unaotolewa kwa nia njema unamwandaa ng'ombe kwa ajali. Kama maji juu ya jani yana mchango wake mwenyewe, siwezi kuapa kwamba hayana, na mimi pia hungoja majani yakauke. Ila ng'ombe wangu hungoja wakila nyasi.

Basi mjaze kwanza. Nyasi kavu au nepia (majani ya tembo) hadi aache kugombania hori, ndipo umfungulie. Angalia umri wa mmea kabla ya kuangalia saa. Lusani changa ambayo haijatoa vitumba vya maua ndiyo ya kuogopwa. Iliyochanua kabisa hatari yake ni ndogo sana, ingawa hapo shina limekuwa gumu na protini imepungua, kwa hiyo najua kwa nini hamtaki kungoja. Shamba lililochanganywa, nyasi zikiwa nusu au zaidi, ni salama kuliko la lusani tupu. Desmodiamu, malisho mengine ya jamii ya kunde, haina tatizo hili, kwa sababu tanini yake (dutu ya mmea yenye ukakasi) huishika ile protini. Lusani iliyokaushwa ikawa kavu kweli nayo haina shida kubwa. Iliyonyauka tu kwa nusu siku msiiamini.

Tena msiwatoe na kuwarudisha ovyo. Ng'ombe waliozoea lusani na wanaoila mfululizo hufura mara chache kuliko wanaoondolewa siku mbili kisha wakarudi na uchu. Na mnapowahamishia kipande kipya, wahamisheni alasiri, wakiwa wameshiba.

Hata hivyo nimeona ng'ombe wawili wa zizi moja wakila bega kwa bega, mmoja akafura, mwenzake akaendelea kucheua. Tabia hiyo kwa sehemu hurithiwa. Anayefura mara kwa mara mimi hushauri asiachiwe lusani mbichi kabisa, na ndama wake waangaliwe.

Akifura, mwondoe shambani mara moja, mpigie daktari wa mifugo, na mpe mafuta ya kupikia, robo hadi nusu lita kwa ng'ombe mkubwa, polepole, kichwa kisiinuliwe sana yasije yakaingia mapafuni. Mafuta huvunja povu. Kuchoma sindano ubavuni hakusaidii hapa, maana povu huziba tundu lake; huyu wa juzi nilimkuta ametobolewa mara tatu, na jikoni kulikuwa na chupa ya mafuta ambayo haikuwa imefunguliwa.