Kuongoza Timu ya Mbali ni Nini Hasa?

Kuongoza timu ya mbali ni kusimamia watu ambao hamkai buro moja: kuwagawia kazi, kuwafuatilia, kuwasahihisha na kuwashika mkono, huku mawasiliano karibu yote yakipitia simu na kompyuta. Mhasibu yuko nyumbani kwake Katuba, mwenzake yuko Likasi, wa tatu Kinshasa, na shefu mwenyewe yuko katikati ya Lubumbashi. Kazi ni moja na mshahara unatoka mfuko mmoja, ila hakuna anayemwona mwenzake akifungua mlango asubuhi.

Wazo lenyewe halikuzaliwa juzi. Mmarekani Jack Nilles alikuwa akilichunguza mwaka 1973 huko Los Angeles, akitafuta namna ya kupunguza msongamano wa magari kwa kupeleka kazi karibu na watu. Kwetu Kongo wengi walilijua mwaka 2020. Mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa Kinshasa tarehe 10 Machi, hali ya dharura ikatangazwa tarehe 24 mwezi huohuo, na maburo mengi yakajikuta yanaendeshwa kwa WhatsApp bila mtu yeyote kufundishwa namna ya kuongoza hivyo. Mazoea mabaya ya wakati ule bado tunayo.

Baya kuliko yote ni kuchunga watu. Shefu anaangalia nani yuko hewani, nani amesoma ujumbe na hajajibu, na kila baada ya muda anapiga simu kuuliza "uko wapi?" Wanaofanya hivyo hujitetea kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Ni kweli, na ndiyo maana fimbo si chombo cha kazi hii. Mtu anayechungwa hujifunza haraka namna ya kuonekana yuko kazini: anajibu "ndiyo shefu" papo hapo, na faili haisogei. Kinachofaa kufuatiliwa ni kazi iliyotoka mikononi mwake.

Kwa hiyo uongozi wa mbali unaanzia kwenye agizo. Mkiwa buro moja, agizo bovu hurekebika lenyewe, maana mtu anageuka tu na kuuliza. Mkiwa mbali, anabaki akikisia hadi jioni. Linganisha "Nitumie ripoti ya stoku haraka" na hili: "Mama, naomba stoku ya depo ya Kolwezi, ukurasa mmoja, kabla ya Alhamisi saa kumi jioni ya Lubumbashi. Hesabu ya saruji ikikosekana, andika 'bado' uendelee, usiingoje." La pili limetaja kazi, ukubwa wake na mwisho wake, na limempa mtu ruhusa ya kupita pale pagumu bila kusubiri simu ya mkubwa. Limetaja pia ni saa ya wapi, kwa sababu nchi yetu ina saa mbili: Lubumbashi ikiwa saa nne asubuhi, Kinshasa ni saa tatu. Shefu wa Lubumbashi anayeitisha kikao saa mbili kamili asubuhi amemtaka mtu wa Kinshasa awe tayari saa moja, pengine bado anawaandaa watoto. Wengi husahau hilo kabisa, halafu wanamwita mwenzao mchelewaji.

Upande wa pili wa dhana hii ni kumtegemeza mfanyakazi, na hapa ndipo viongozi wengi wanapungukiwa. Ukimtoa mtu buro umemhamishia gharama: mega za intaneti, umeme, meza, utulivu. Ananunua kwa franka zake, na kikao kimoja kirefu cha video kinaweza kummalizia kifurushi. Kampuni iliyookoa kodi ya vyumba haina sababu ya kumwachia mzigo huo. Pesa ya mega itumwe kila mwezi kwa M-Pesa au Airtel Money, mapema, isingoje mtu aombe. Vikao vya kawaida viwe vya sauti tu. Kuhusu umeme, mkubaliane kabla haujakatika: mtu anatuma SMS ya kawaida, ambayo mara nyingi hupita hata intaneti ikiwa imelala, anaandika "umeme hakuna", na hakuna anayemhukumu.

Kumtegemeza ni kumsikiliza pia. Tenga simu ya mtu mmoja mmoja kila wiki, na usianze na ripoti. Salamu zetu zina urefu wake: habari za nyumbani, mtoto aliyekuwa na homa, wazee waliobaki kijijini. Ndani ya salamu hizo ndipo utasikia kwamba sauti ya mtu imebadilika. Aliyekuwa akiuliza maswali mengi akinyamaza wiki nzima, mpigie. Huenda amekwama na anaona aibu kusema mbele ya kundi. Kosa lake nalo lizungumzwe kwenye simu hiyo. Kumkosoa mama mwenye umri wa mama yako ndani ya kundi la WhatsApp, vijana wakisoma, ni kumvunjia heshima, na maneno yale yanabaki pale kusomwa tena na tena. Kazi nzuri, hiyo itajwe mbele ya wote.

Kazi za mgodini, za depo na za wodini zinamtaka mtu awepo, hilo halina mjadala. Wa kufikiriwa zaidi ni mfanyakazi mpya. Hajui nani anaulizwa nini, wala hajui kama shefu akiandika kwa kifupi amekasirika au ana haraka tu. Wiki zake za kwanza akae na wenzake ana kwa ana, hata ikibidi kumlipia nauli kutoka Likasi na mahali pa kulala, kisha apewe mtu mmoja katika timu wa kumpigia kwa swali lolote bila kuona kwamba anasumbua.