Ukimwuliza mgonjwa anachotaka, foleni itaisha saa ngapi?

Wahudumu wengi wa afya hukubali kwa mdomo kwamba mgonjwa ashirikishwe katika matibabu yake. Mlango ukifungwa, kila kitu kinarudi palepale. Si ukaidi. Kuna mambo tumeyaamini kwa miaka, wahudumu na wagonjwa pia, na mengine yanafanana sana na ukweli.

"Muda hautoshi"

Hofu hii ina msingi: foleni imefika getini na daktari ni mmoja. Lakini jambo lenyewe limeshapimwa. Mwaka 1984, Beckman na Frankel wa Marekani walichunguza mazungumzo ya madaktari na wagonjwa yaliyorekodiwa, wakakuta mgonjwa anakatizwa baada ya sekunde 18 kwa wastani. Utafiti mwingine wa 1999 ukaonyesha kwamba walioachwa wamalize walitumia sekunde 6 tu zaidi ya waliokatizwa. Huko Basel, Uswisi, madaktari walielekezwa wanyamaze mpaka mgonjwa afike mwisho mwenyewe. Wastani ukawa sekunde 92.

Naam, foleni za Basel si za kwetu. Ila muda unaookolewa kwa kumkatiza mtu una tabia ya kudaiwa baadaye. Mgonjwa ameshashika kitasa cha mlango, ndipo anageuka: "Samahani daktari, kuna jambo lingine." Na pengine hilo jambo lingine ndilo lililomtoa nyumbani.

"Ukimpa nafasi, ataomba sindano na dripu"

Wapo wanaoomba, tena kwa kusisitiza. Lakini kumsikiliza mtu si kumwandikia kila anachotaja. Mafua ya virusi hayatibiwi kwa antibayotiki hata mgonjwa apige magoti, na daktari anayeziandika ili amalizane naye hajamheshimu, amemkwepa. Mgonjwa ana elimu yake, inayohusu maisha yake: anafanya kazi gani, anaogopa nini, yuko tayari kuvumilia nini ili apate nini. Hayo hayaonekani kwenye kipimo chochote cha maabara.

Chukua kondakta wa daladala mwenye presha. Kaandikiwa dawa inayomfanya akojoe mara kwa mara, ameze asubuhi. Gari linaingia barabarani saa kumi na moja alfajiri, hesabu ya bosi inamsubiri jioni, na njiani hakuna pa kusimama. Baada ya wiki mbili kaamua mwenyewe: anameza siku za mapumziko tu. Akirudi kliniki presha iko juu. Anaulizwa, "Dawa unakunywa?" Anajibu, "Nakunywa," kwa sababu swali limeulizwa kwa sauti inayotaka jibu hilo. Anaongezewa dozi. Sasa ana dawa nyingi zaidi za kutomeza.

Angeulizwa tu, "Dawa hii inakusumbua wapi kwenye kazi yako?" mambo yangekuwa mengine. Zipo dawa za presha za makundi mengine, amlodipini ni mojawapo, zisizomkimbiza mtu chooni. Hiyo nayo huwavimbisha baadhi ya watu miguu, kwa hiyo aelezwe, apime mwenyewe lipi anaweza kuishi nalo. Kitaalamu daktari hajapoteza kitu. Dawa bora kuliko zote haimsaidii mtu ikikaa kabatini.

"Hayo ni mambo ya Ulaya na hospitali za kulipia"

Hapa ndipo watu wanapokosea zaidi. Mkoani Tete, Msumbiji, mwaka 2008, watu wanaotumia ARV walikuwa wanapoteza siku nzima na nauli kwenda kuchukua dawa. Kwa kushirikiana na Madaktari Wasio na Mipaka, wakajipanga katika vikundi vya hadi watu sita, wakawa wanapokezana: mmoja anakwenda kliniki, anapimwa, anarudi na dawa za wenzake. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani likapendekeza watumiaji wa ARV walio imara wahudhurie kliniki kila baada ya miezi mitatu hadi sita. Uganda nako, Dkt. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, akitumia mofini ya maji, dawa ya maumivu makali, ambayo mgonjwa wa saratani anaweza kuinywa akiwa nyumbani kwake, mahali ambapo wengi wangependa kuwa. Mwaka 2004 sheria ya nchi hiyo ikaruhusu wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu kuiandika. Hakuna anasa yoyote hapo.

"Leba hakuna cha kuchagua"

Kipo. Mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya 2018 yanataka mama awe na msindikizaji anayemtaka mwenyewe, na ajifungue katika mkao anaoupenda, si lazima chali. Na wanaopata mtu wa kuwa nao muda wote hujifungua kwa njia ya kawaida mara nyingi zaidi, na hupasuliwa mara chache zaidi. Mara nyingi kinachomzuia msindikizaji kuingia ni kukosekana kwa pazia kati ya kitanda na kitanda. Pazia tu!

"Mzee asiambiwe, atakufa kwa mawazo"

Nia ni njema. Mtoto mkubwa anaitwa pembeni, anapewa majibu, na mzee anabaki kukisia kwa kusoma nyuso za watu. Kenya, Sheria ya Afya ya 2017 inampa mgonjwa haki ya kuelezwa hali yake na njia za matibabu zilizopo, pamoja na gharama zake, kwa lugha anayoielewa, na haki ya kukataa. Kuhusu kufa kwa mawazo: utafiti wa Boston uliochapishwa 2010 ulihusu watu wenye saratani ya mapafu iliyosambaa. Walioanza mapema huduma shufaa, yaani ya kupunguza maumivu na mateso, ambamo mgonjwa huulizwa waziwazi anataka nini, walipata matibabu makali machache zaidi mwishoni, na wakaishi miezi 11.6 dhidi ya 8.9 ya wenzao.

Lakini wapo wazee ambao kweli hawataki kusikia, na kuwalazimisha nako ni kutowasikiliza. Njia ya kujua ni moja, tena kabla vipimo havijarudi: "Shikamoo mzee. Majibu yakitoka, ungependa nikueleze wewe mwenyewe, au nizungumze na nani?" Atakachojibu kiandikwe kwenye faili, maana daktari wa zamu ya usiku hakuwepo.