Chuo kidogo cha serikali huko vijijini: maneno ya watu na hali yenyewe

Vyuo vidogo vya serikali vilivyo mbali na miji vinasemwa sana, na wanaovisema wako makundi mawili. Wapo wanaovidharau moja kwa moja, halafu wapo wale wanaovisifia mpaka unadhani ukifika utapokelewa na malaika getini. Mimi hawa wa pili ndo wananikera zaidi, maana anayedharau anakufanya usiende tu, ila anayesifia kupita kiasi anakufanya uende hujajiandaa, ukifika unaanza kulaumu kila kitu. Basi naziweka hapa dhana zinazosikika sana na jinsi mambo yalivyo.

"Wanaoenda huko ni waliofeli"

Hii haikosi kusikika kamwe. Mtu anaweza kwenda chuo kidogo cha kijijini kwa sababu kibao ambazo hazihusiani na alama: ada ina nafuu, kozi anayoitaka ipo pale, ana mzazi mgonjwa hataki kwenda mbali naye, au basi tu hapendi vurugu za jiji. Lyndon B. Johnson aliyekuwa rais wa Marekani kuanzia 1963 hadi 1969 alimaliza mwaka 1930 kwenye chuo cha ualimu cha serikali pale San Marcos, Texas, enzi hizo kamji kadogo tu. Na kama mfano huo uko mbali, angalia Fort Hare, iko Alice, Eastern Cape kule Afrika Kusini, ilifunguliwa 1916 na leo ni chuo kikuu cha umma. Oliver Tambo aliyeongoza chama cha ANC, Seretse Khama rais wa kwanza wa Botswana, na Robert Mugabe aliyekuwa rais wa Zimbabwe, wote walisoma hapo. Mandela naye alisoma hapo ila hakumalizia, aliondoka 1940 baada ya kuvutana na uongozi kwenye ishu ya baraza la wanafunzi, shahada akaja kuimalizia kwa masomo ya mbali kupitia Chuo Kikuu cha Afrika Kusini. Sisemi ukienda chuo cha kijijini utakuwa rais jamani, nasema tu kwamba hiyo hoja ya waliofeli haina miguu.

"Masomo ya huko ni mepesi, unapita tu"

Hapa ndo watu wanapigwa sapu, yani mtihani wa marudio kwa waliofeli, mpaka wanashangaa. Kwanza, nchi nyingi zina chombo cha kukagua ubora wa elimu ya juu, na mtaala wa chuo kidogo unapita kwenye ukaguzi uleule unaopitia mtaala wa chuo kikubwa. Nchi zinazofuata mfumo wa Uingereza zina na watahini wa nje, yani mwalimu kutoka chuo kingine anapitia mitihani na usahihishaji, kwahiyo mhadhiri hawezi kuamka tu akagawa A kama karanga.

Ila ukiniuliza mimi, kinachofanya masomo yawe magumu huko ni idadi ya watu darasani, wala sio mtaala. Darasa la watu mia tatu unakaa nyuma, unachati, unamuomba mwenzako akusainie mahudhurio na maisha yanaenda. Darasa la watu kumi na mbili huna nyuma. Mwalimu anakujua jina, anajua jana hukuja, anajua swali la tatu la asaimenti ulilinakili kwa fulani maana nyie wawili peke yenu ndo mmekosea kwa namna ileile. Anakuuliza ana kwa ana mbele ya watu na hajui kukupotezea. Ukiwa na aibu ya kuongea, mwezi wa kwanza utakuwa mchungu kwelikweli. Insha zenu pia anazisoma mwenyewe, hana wasaidizi wa kumsahihishia, kwahiyo maoni anayoyaandika pembeni ni ya mtu aliyekusoma mpaka mwisho, na hicho ni kitu wengi kwenye vyuo vikubwa hawakipati kabisa mpaka wafike mwaka wa kuandika utafiti.

Kuhusu walimu wenyewe, kuna wanaosema ni wale waliokosa kazi mjini. Nafasi za uhadhiri ni chache kila mahali na wenye udaktari wa falsafa (PhD) ni wengi, kwahiyo wazuri wanasambaa kotekote. Tofauti iko kwenye mgawanyo wa kazi tu. Vyuo vikubwa vya utafiti vinampima mhadhiri kwa machapisho, vidogo vinampima zaidi kwa kufundisha, na mara nyingi anabeba kozi nyingi zaidi kwa semista. Hapo kuna faida na hasara: muda wa kukusikiliza anao, muda wa kufanya utafiti mkubwa hana. Mashine za gharama hazipo, ila zile chache zilizopo hugombanii na wanafunzi wa uzamili kwa sababu mara nyingi hawapo au wanahesabika, unaweza kujikuta mwaka wa pili unashika kifaa ambacho rafiki yako wa chuo kikubwa anakiona tu kwenye slaidi.

"Kozi zote zipo, utachukua tu ukipenda"

Hii dhana huwa haisemwi kwa sauti, mtu anaichukulia hivyohivyo tu, na kwangu mimi ndo hatari kuliko zote hapa. Mwongozo wa chuo unaorodhesha kozi nyingi, unausoma unafurahi, kumbe nyingi hazifundishwi kila mwaka. Idara yenye walimu watatu haiwezi kufundisha kila kitu kila semista, kwahiyo wanazungusha: mwaka huu kozi hii, mwakani ile. Sasa fikiria kozi ya mwaka wa tatu inataka uwe umefaulu kozi fulani ya mwaka wa pili, na hiyo ya mwaka wa pili inakuja mwaka mmoja ndio mwaka mmoja hapana. Ukiikosa au ukiifeli mara moja, huisubirii semista moja, unasubiri mwaka mzima au miwili, na kule mbele kila kitu kinasogea. Kuna watu wanachelewa kumaliza kwa kozi moja tu, akili wanazo, GPA (wastani wa alama) nzuri, ila ratiba imewakaba.

Ongeza na hii: mwalimu wa kozi akienda likizo ya utafiti, au akihama, au akiumwa, kozi inaweza isifundishwe kabisa kwa sababu hakuna wa kushika. Au wanafunzi mmejiandikisha wanne tu, uongozi unaona hailipi, inafutwa wiki ya kwanza ya semista mkiwa mshapanga kila kitu.

Cha kufanya ni kwenda idarani wiki zako za mwanzo kabisa na kuuliza kozi gani inafundishwa lini kwa miaka yote utakayokuwepo, usiulize ya semista hii peke yake. Chora jedwali lako mwenyewe mpaka mwaka wa mwisho. Ukiona kuna kozi mbili za lazima zimegongana, sema mapema, maana idara ndogo ina uzuri wake, mkuu wa idara unamkuta ofisini na ratiba inaweza kubadilishwa kwa ajili ya watu watatu. Na kozi ikifutwa uliza kama unaweza kuisoma peke yako chini ya usimamizi wa mwalimu, vyuo vingi vina utaratibu huo ila hawautangazi, lazima uombe.

Halafu kwa sababu walimu ni wachache, yule mmoja msiyeelewana utakutana naye kwenye kozi nne. Usigombane na mtu mwaka wa kwanza kwa marks mbili, we mwenyewe fikiria.

"Maktaba ndogo, utafiti hauwezekani"

Zamani ilikuwa kweli kabisa, sasa hivi ni nusu kweli. Rafu ziko chache lakini majarida mengi yapo onlaini. Kuna HINARI ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza 2002 kwa majarida ya afya, na AGORA ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, iliyoanza 2003 kwa kilimo, zote ziko chini ya mpango unaoitwa Research4Life ambao unafungulia taasisi za nchi za kipato cha chini majarida ya kulipia, bure au kwa bei ndogo. Shida ni kwamba wanaosajiliwa ni taasisi, mwanafunzi mmojammoja hapana, kwahiyo nywila iko kwa mkutubi na wanafunzi wengi wanamaliza chuo hawajawahi kumuuliza. Pia maktaba nyingi zinaazimana vitabu, unaomba hapo kwako kinakuja kutoka chuo kingine, ila inachukua muda kwahiyo usiombe kitabu siku mbili kabla ya kukusanya kazi.

Kitu kinachouma kweli ni intaneti. Watu mia mbili kwenye wifi moja jioni, hata ukurasa haufunguki. Wajanja wanashusha makala alfajiri, wanasoma mchana bila mtandao.

"Maisha ni bei chee"

Chumba ndiyo, mara nyingi ni nafuu kuliko mjini. Ila kuna gharama hazisemwi: nauli ya kwenda mjini kila unapohitaji hospitali kubwa, benki au ofisi fulani, bando la data kwa sababu wifi ya chuo ndo hiyo niliyoisema, na vitu vya dukani ambavyo vikipanda bei huna duka la pili la kukimbilia. Kubwa zaidi ni kwamba vibarua vya wanafunzi ni vichache. Mwenzako wa mjini anaweza kufundisha tuisheni au kukaa kaunta jioni akapata chochote, wewe huko wateja wenyewe hawapo. Kwahiyo ukipiga hesabu usiangalie matumizi tu, angalia na kile ambacho ungeingiza. Kama chuo kina kazi za ndani za wanafunzi, maktaba, maabara, mapokezi, omba mapema sana maana nafasi zinaisha.

Kuboreka? Inategemea wewe. Hakuna matamasha kila wikiendi, ni kweli. Lakini vyama vya wanafunzi vina watu wachache na vyeo vilevile, kwahiyo mtu ambaye kwenye chuo kikubwa angeishia kuwa mpiga makofi, huku anakuwa mhariri wa gazeti la chuo, au anaingia timu bila mchujo wa kutisha. Asiyependa kuanzisha kitu, anayesubiri aletewe burudani, huyo ataboreka na asidanganywe.

"Wote mnakuwa kama ndugu"

Sawa, mnajuana. Ukiumwa watu wanajua, ukikosa kipindi cha asubuhi mtu anakuja kukugongea. Ila kujuana huko kuna upande wa pili: siri haikai. Ukiachana na mpenzi wako utamuona kantini, maktabani, darasani na kwenye foleni ya kuchapisha kazi, siku hiyohiyo. Mgeni anayekuta wenzake wamesoma shule moja tangu utotoni anaweza kukaa mpweke muda mrefu katikati ya watu wanaomsalimia kila siku. Mwenye shida ya msongo anaogopa kwenda kwa mshauri wa chuo kwa sababu mshauri mwenyewe ni mmoja na mlango wake unaonekana na kila mtu. Kama chuo kina namna ya kuongea na mshauri kwa simu, tumia hiyo.

Na wazazi wanaosema "kijijini kuna usalama" waelewe kwamba wizi unaweza kuwa mdogo ila hatari nyingine zipo: njia isiyo na taa kutoka maktabani kwenda hosteli, zahanati inayofungwa mapema, gari la mwisho linaloondoka kabla kipindi hakijaisha. Mambo hayo yaulizwe kabla ya kuchagua hosteli.

"Ni kilimo na ualimu tu huko"

Historia ndo imeleta hii. Vyuo vingi vya vijijini vilianza hivyo kweli, Egerton kule Njoro, Kenya ilianza 1939 kama shule ya wakulima na ikafanywa chuo kikuu kamili 1987, na leo inafundisha mpaka sheria na udaktari. Hata ile sheria ya Morrill ya Marekani ya 1862, iliyozaa vyuo vya serikali vya kilimo na ufundi, ilisema wazi kwamba sayansi nyingine na masomo ya kale yasiachwe. Fungua orodha ya kozi uangalie mwenyewe, basi.

"Ukimaliza hakuna mwajiri anayekijua chuo chako"

Wengine hawatakijua, ni kweli, hasa walio mbali. Kinachosaidia ni barua ya mwalimu. Aliyekufundisha kozi tano anaandika ulifanya nini, ulikwama wapi, ulitokaje. Aliyekuona kwenye ukumbi wa watu mia tatu anaandika kwamba ulipata B. Mtu anayepitia maombi anaiona tofauti haraka. Unapoumia ni kwenye mafunzo kwa vitendo, kwa sababu kampuni na ofisi hazipo jirani na hakuna anayekuja kampasini kutafuta watu. Anza kuandika imeili miezi mingi kabla ya likizo ndefu na ujue utalala wapi huko mjini, hapo kwenye malazi ndo wengi wanakwama hata kama nafasi wameipata.

"Nikichoka nitahamia chuo kikubwa"

Kuhama kupo, lakini krediti, yani hesabu ya kozi ulizokwisha faulu, hazikufuati zenyewe. Chuo unachoenda ndicho kinachoamua kikubali zipi, na kinalinganisha mtaala kozi kwa kozi. Unaweza kuwa umemaliza miaka miwili ukaambiwa uanze karibu na mwanzo kwa sababu kozi zako tatu za msingi hazifanani na zao. Baadhi ya vyuo vidogo vina makubaliano rasmi na vikubwa, yameandikwa kozi ipi inasimama badala ya ipi, na kama mpango wako ni kuhama basi karatasi hiyo iombe ofisi ya usajili kabla hujachagua kozi za semista ya kwanza, usikubali kuambiwa kwa mdomo kwamba "zinakubalika tu hizo".