CBG si PCB nyepesi

Kijana alikuja na mama yake mwezi wa saba, matokeo ya kidato cha sita yakiwa na siku chache tu tangu yatoke. Alikuwa na karatasi aliyoichapisha steshenari: Kemia A, Baiolojia A, Jiografia B. Pointi 14. Mama hakungoja hata kukaa. "Mwalimu, tumekuja kuomba udaktari."

Niliisoma ile karatasi mara mbili nikiitafuta Fizikia. Haikuwamo. Kijana alikuwa amesoma CBG, yaani kombi ya Kemia, Baiolojia na Jiografia.

Asubuhi ya siku hiyohiyo nilikuwa nimemsaidia binti mmoja wa PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) mwenye C, C na D. Hizo ni pointi 8. Ushindani ungemsumbua, hilo nilimweleza wazi, ila haki ya kuomba alikuwa nayo. Huyu wa pointi 14 hakuwa nayo, kwa sababu udaktari wa binadamu hapa Tanzania unataka ufaulu wa Fizikia, Kemia na Baiolojia, yote matatu. Udaktari wa meno na famasi ni vivyo hivyo.

Nilipomuuliza kwa nini hakuchukua PCB, alisema kidato cha nne alipata C ya Fizikia, akaogopa, na mtu aliyemwamini akamwambia, "Nenda CBG, ni PCB nyepesi, mbele mtakutana tu." Miaka miwili ya kukesha ilikuwa imejengwa juu ya maneno hayo. Nimekaa kwenye kazi ya udahili miaka 11 na bado jambo hili linaniuma, maana kila mwaka huja mwingine na karatasi inayofanana na ile.

Kwa hiyo nieleze namna mambo yanavyokwenda huku upande wetu. Kidato cha sita, A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na S ni nusu. Kuanzia A hadi E tunaita prinsipo. S ni subsidiari, haihesabiwi kuwa prinsipo. Kwa waliohitimu kuanzia 2016, kiwango cha chini cha kuingia shahada ya kwanza ni prinsipo mbili zenye jumla ya pointi 4. Hapo wengi huishia kusoma, wakafurahi. Sehemu inayoamua ni inayofuata: pointi hizo zitoke kwenye masomo yanayotajwa na kozi yenyewe. Ukiwa na A ya Historia na kozi haiitaji Historia, A hiyo haiingii kwenye hesabu. Mfumo hautazami wewe ni hodari kiasi gani kwa jumla. Unatazama kama masomo yaliyotajwa yapo, kisha ndipo unatazama alama.

Ndiyo maana namsihi mzazi na mwanafunzi waanzie mwisho. Kabla ya kuigusa selform, ile fomu ya kuchagua kombi, fungua mwongozo wa udahili unaotolewa kila mwaka na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Upo kwenye tovuti yao, hulipii chochote. Iko miongozo miwili, mmoja wa wanaotoka kidato cha sita na mwingine wa wenye stashahada na sifa linganishi, yaani sifa nyingine zinazokubalika badala ya kidato cha sita. Chukua wa kwanza. Umeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo kama lugha inakupa shida mwombe mwalimu wa shule au ndugu aliyepita chuo akae nawe saa moja. Tafuta kozi tatu unazozipenda, kila moja uitazame katika vyuo viwili au vitatu, kwa kuwa vigezo hutofautiana kati ya chuo na chuo. Andika masomo yanayotajwa. Kombi itakayoyabeba masomo hayo kwa wingi ndiyo yako. Kazi hii haichukui hata jioni nzima, na sijaona nyingine yenye faida kuizidi kwa mtoto wa kidato cha nne.

Hisabati inahitaji maelezo ya peke yake. Anayetaka uhandisi, kwa kozi nyingi, anahitaji Hisabati ya Juu na Fizikia. Kwa kozi hizo PCB haimfikishi hata akipata A tatu. PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) ndiyo njia pana. PGM, yenye Jiografia badala ya Kemia, nayo inaelekea huko, lakini mwenye PGM asome kwa makini kwa sababu ziko kozi za uhandisi zinazoitaka Kemia pia. Hayo wengi wanayajua. Wasilolijua ni kwamba Hisabati huwasubiri hata watu wa uchumi, biashara na TEHAMA. Kozi nyingi za huko humpokea mtu wa HGE (Historia, Jiografia na Uchumi) au ECA (Uchumi, Biashara na Uhasibu), ila zikamwekea sharti: kama huna prinsipo ya Hisabati ya Juu, lete walau S ya BAM, yaani Hisabati Tumizi ya Msingi, au ufaulu mzuri wa Hisabati ya kidato cha nne. BAM ndilo somo wanafunzi wanalolidharau kwa kuwa halimo kwenye herufi tatu za kombi. Wanakosa vipindi, hawafanyi majaribio, kisha wanapata F. Nimewaona watu wa Uchumi B wakizuiwa na BAM.

Upande wa sanaa sina mengi. Sheria, ambayo wazazi huihusisha na HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) na HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), iko wazi kuliko wanavyodhani. Vyuo vingi hukubali masomo ya aina nyingi, hata ya sayansi. Wanachokazia mara kwa mara ni Kiingereza. Mtoto anayependa sheria na anaimudu EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati), sioni sababu ya kumtoa.

Kuna kosa la upande wa pili nalo, na si dogo. Mtoto ana D ya Fizikia, hajawahi kufurahia hesabu hata moja ya umeme, lakini baba ameshasema nyumbani lazima atoke daktari. Anapelekwa PCB. Fizikia ya kidato cha tano haimngoji mtu. Mwezi wa kwanza tu tayari wako kwenye mekanika inayodai kalkulasi. Mtoto huyu angesoma CBG kwa moyo, angeingia SUA, chuo kikuu cha kilimo pale Morogoro, akasomea kilimo au misitu, au akawa mwalimu wa Baiolojia na Kemia, na nchi inawahitaji. CBG ni kombi nzuri kwa anayekwenda huko. Ninachokataa ni kuifanya njia ya mkato ya kwenda mahali isikofika.

Tangu 2024 tahasusi, yaani hizi kombi, zimeongezeka mno, zikafika 65. Naipokea hatua hiyo kwa furaha, maana mtoto wa muziki, michezo au lugha amepata pa kusimama. Lakini kombi ikiwa mpya, mwongozo usomwe kwa makini maradufu, kwa sababu jina la kombi linaweza kuvutia na somo linalotajwa na kozi unayoitaka lisiwemo.

Na uliyekwisha kujaza selform usikate tamaa. Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, TAMISEMI, ofisi ya serikali inayopanga wanafunzi shuleni, hufungua dirisha la kubadilisha tahasusi mtandaoni kabla ya kupanga shule. Litumie. Hata ukishapangwa, nenda kwa mkuu wa shule wiki ya kwanza, umweleze. Nafasi ikiwapo na alama zako zikiruhusu, walimu wengi husikiliza. Ukingoja muhula wa pili, wenzako wameshafika mbali.

Kijana yule tulikaa naye karibu saa mbili. Tuligeukia matokeo yake ya kidato cha nne: Fizikia C, Kemia B, Baiolojia A, Kiingereza C, Hisabati D. Hiyo D ya Hisabati niliishukuru kuliko A zote. Matokeo hayo yalimtosha kuomba stashahada ya utabibu, miaka mitatu. Na mwenye stashahada hiyo, akiwa na wastani mzuri pamoja na ufaulu wa masomo hayo matano ya kidato cha nne, anaweza kuomba udaktari kwa sifa linganishi. Mama alihesabu kwa vidole: mitatu, kisha mitano ya udaktari, kisha mwaka wa mafunzo kazini. "Tisa," alisema. Kijana akamjibu, "Mama, nitaisoma."

Kabla ya kuondoka alinionyesha picha ya mdogo wake kwenye simu. Yuko kidato cha tatu. Nikampa nakala ya kurasa za mwongozo ampelekee.