Umehama bila notisi: je, dipoziti imeenda?

Wapangaji wengi nchini Kenya wakishahama ghafla hawarudi hata kuulizia dipoziti. Kazi imeisha, au kuna mgonjwa nyumbani, mtu anapakia vyombo vyake katikati ya mwezi na kuondoka. Keateka, yule mwangalizi wa nyumba, akimwambia pesa hazirudi, anakubali na kunyamaza. Inaniuma, kwa sababu mara nyingi sehemu ya pesa hizo bado ni zake. Hebu tuzipime moja moja dhana zinazowapotosha wapangaji; nimeziweka kwenye alama za kunukuu.

"Ukihama bila notisi, dipoziti yote ni ya mwenye nyumba."

Dipoziti ni pesa yako iliyoshikwa kama dhamana. Mwenye nyumba anakata anachokudai kihalali, kinachobaki anakurudishia. Kutotoa notisi ni kosa kweli, lakini ni kosa linalozaa deni, na deni lina kiasi chake.

Kiasi hicho kinatokana na muda wa notisi. Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 57, inasema kwamba upangaji usiowekewa mwisho huhesabiwa kwa kipindi cha kulipa kodi. Unalipa kila mwezi? Basi notisi isipungue mwezi mmoja, na iishe siku ya kulipa kodi. Mwenye nyumba naye anabanwa na kifungu hichohicho.

Sasa tupige hesabu. Kodi ni shilingi 12,000, dipoziti 12,000, na ya maji na stima 2,500. Umelipa Mei, ukaondoka tarehe 18 bila kusema. Mpangaji mwingine akaingia tarehe 10 Juni na kuanza kulipa siku hiyo. Hasara ya mwenye nyumba ni siku tisa za Juni, yaani 3,600. Toa na bili ya maji ya 700, unabaki na 10,200. Nyumba ikikaa tupu Juni nzima, 12,000 inaliwa yote, lakini 1,800 ya ile dipoziti nyingine bado ni yako. Kudai kodi ya siku ambazo tayari zimelipwa na mtu mwingine ni kutaka kulipwa mara mbili.

Ila soma mkataba wako. Mingi ina kipengele kwamba asiyetoa notisi anapoteza dipoziti, na sahihi yako ina uzito. Dipoziti ya mwezi mmoja kwa notisi ya mwezi mmoja ni vigumu kuipinga. Ya miezi mitatu kwa kosa hilohilo ni jambo jingine: mahakama inaweza kukataa kipengele kilicho adhabu tupu, kisicholingana na hasara.

"Hatukuandikiana, kwa hiyo sina haki."

Upangaji wa mwezi kwa mwezi unaweza kuwa wa mdomo. Kifungu cha 58 kinaruhusu. Ujumbe wa M-Pesa unaoonyesha siku uliyolipa dipoziti ni ushahidi mzuri, usiufute.

"Keateka anaweza kushika televisheni mpaka nilipe."

Hapana. Mali ya mpangaji mwenye malimbikizo ya kodi hukamatwa kupitia dalali mwenye leseni, kwa utaratibu wa sheria. Keateka kusimama mlangoni si utaratibu huo.

"Mwezi wa mwisho nitaishi kwa dipoziti."

Hii ni dhana yetu wapangaji. Bila makubaliano, hayo ni malimbikizo ya kodi, na kioo kilichovunjika kitakosa pa kukatwa. Omba mapema, na upate jibu kwa maandishi.

"Hakuna korti itasikiliza kesi ya elfu kumi."

Ipo, nayo ni Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2016. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, zikiwemo pesa zako zinazoshikiliwa na mtu mwingine, na inatakiwa kumaliza kesi ndani ya siku 60. Unaweza kujisimamia bila wakili. Wengi hukimbilia kwanza Baraza la Kodi za Nyumba, lakini lile lilibaki na nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na hizo leo ni za kutafuta kwa tochi. Kabla ya kushtaki, andika barua ya madai yenye hesabu yako na siku ya mwisho ya kulipwa. Jiandae pia: mwenye nyumba anaweza kuleta madai yake dhidi yako katika kesi hiyohiyo.

"Nikishatoa vyombo, nimeshahama."

Si mpaka urudishe ufunguo. Ukiondoka nao, mwenye nyumba anaweza kusema nyumba ilikuwa bado mikononi mwako, na siku zikaendelea kuhesabiwa. Piga picha za vyumba vitupu na mita za maji na stima, kabidhi ufunguo, kisha tuma ujumbe siku hiyohiyo ukitaja tarehe na jina la aliyeupokea.